Mshipa wa Shingo ya Fundi Bomba

Kwa fundi bomba huyu, kila tatizo la dunia lilikuwa mfereji ulioziba. Miaka ishirini na sita anazibua masinki ya watu, utamwambia nini? Mkewe, mwalimu wa chekechea, alipoanza kuburuta mguu, madaktari wakasema ni MS: kinga ya mwili inazishambulia neva za mwenyewe. Wakamwandikia vidonge vya kupunguza kasi ya ugonjwa. Fundi hakuelewa hata chembe. Ila siku aliposoma kwenye simu kwamba huenda chanzo ni mishipa ya shingo kubana, damu ikashindwa kushuka vizuri kutoka kichwani, loo! Hapo alielewa.

"Vidonge vya nini? Umeziba tu, mke wangu. Ngoja wakuzibue kwanza."

"Mimi si sinki, bwana we," mkewe alijibu. Alicheka, lakini alingoja, vidonge hakuvinunua, maana naye alitamani kupona. Miezi minne ikapita wakitafuta wa kumpima.

Mpimaji, mama mmoja mpole, akampaka jeli shingoni na kupitisha kifaa. Kweli, mshipa wa kushoto ulikuwa umebana kidogo.

"Si nilisema!" fundi akapiga makofi.

Yule mama akamweleza taratibu kwamba wazo hilo limeshachunguzwa. Waliopanuliwa mishipa hawakupata nafuu kuwashinda wasiopanuliwa, na wengine walidhurika. Fundi akanuna. Wapi! Anajua nini huyu habari za mabomba?

Hata hivyo ufundi una adabu yake: kabla hujavunja ukuta wa mtu, pima kwanza bomba zima ulilinganishe na bovu. Akavua kofia, akapanda kitandani. "Nipime na mimi, mama."

Mama akapima. Akarudia tena. "Wako umebana kuliko wake."

Fundi akainuka, akakaa kitako. Asubuhi ile ile alikuwa amepanda ngazi hadi kwenye tangi la ghorofa ya nne, hana hata kikohozi. Akaanza kulia, mtu mzima, jeli ikimtiririka kifuani.

"Nimekuchelewesha," alisema. "Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Inuka, twende duka la dawa kabla hawajafunga."

Waliposhuka ngazi za jengo lile, ilimbidi fundi ainame amnyanyulie mkewe mguu wa kulia, kila kidato. Miezi minne nyuma, mguu ule ulikuwa ukishuka wenyewe.