Hakuja, Kuku Wakaliwa

Kaka yangu alikuwa akiwatembeza wageni msituni Isecheno. Mtafiti mmoja wa vipepeo, alipomaliza kazi yake, alimwachia kaseti ya panki, ile roki ya kukwangua gitaa na kupiga mayowe. Kaka aliisikiliza mpaka utepe ukaanza kukwaruza. Akatafuta gitaa kuukuu, akapata wenzake wawili mjini Kakamega, wakawa bendi. Walichokosa ni wimbo wao wenyewe.

Niliwapatia mimi. Mwaka huo nilikuwa niolewe na fundi wa mitambo wa kiwanda cha sukari. Nilisimama kanisani na shela langu, mchungaji akitazama saa, hadi binamu wa yule fundi alipofika kwa baiskeli kutuambia kwamba mwenzake amebadilisha nia. Hakutoa sababu. Wageni wengine walikuwa wametoka mbali, hata Chekalini, basi baba akasema chakula kisiharibike. Wakala. Nilijifungia chumbani kwa mama, nikiwasikia wakitafuna mifupa ya kuku.

Kabla watu hawajaacha kunipa pole, kaka alipanda jukwaani katika ukumbi wa mjini akapayuka: "Hakuja, hakuja, kuku wakaliwa!" Wimbo mzima ulikuwa maneno hayo. Vijana waliruka hadi vumbi likafika darini. Nilikuwepo, nimesimama mlangoni, kwa kuwa yeye mwenyewe alinialika.

Ungeishia pale ukumbini, labda ningesahau. Lakini wapiga isukuti, ngoma zetu za sherehe, waliuchukua, wakaupeleka kwenye harusi za watu. Bwana harusi akichelewa kidogo tu, ngoma zinauanza, na akina mama wananitafuta kwa macho. Mpiga gitaa wa baa moja huko Butali akaupunguza mwendo, akaongeza ubeti: eti mwanamume alikimbia kwa sababu bibi harusi alikuwa na ulimi mkali. Walevi walilia wakimhurumia yeye. Halafu kwaya ya kanisani kwetu ikautakasa. Bwana harusi akawa Yesu, kuku wakaondolewa, na mimi nikawa mmoja wa wale wanawali wapumbavu walioishiwa mafuta. Jirani yangu kwenye benchi alinigusa kwa kiwiko, akatabasamu kama anayenipongeza.

Siku moja kaka alinijia amevimba kwa hasira. Alisema ameibiwa. Hakuna aliyemwomba ruhusa, hakuna aliyemtaja popote. Nikamuuliza kama yeye aliniomba mimi. Alishangaa kweli.

"Wewe uliimba wapi?" akasema. "Wewe ni mambo tu yalikupata."

Nilimsongea obusuma, ugali wa kwetu. Alikula huku akiendelea kuwalaani wezi wake, na alipomaliza alinawa mikono akaenda.

Bendi haikudumu. Mmoja alipata kazi ya kukata miwa, mwingine akaokoka. Wimbo ulibaki, watoto wakiuimba njiani wakienda shule bila kujua chanzo chake.

Kisha nikamkuta mama uani akichambua maharagwe, akiuimba kwa sauti ya chini. Si ule wa kwaya. Ule wa kwanza, wa kaka. Nilimuuliza kama anajua unamhusu nani.

"Najua ni wako," alisema, macho yake kwenye ungo. "Lakini iko tamu."

Nikavuta kigoda, nikakaa kando yake nikaanza kutoa mawe. Hakuacha kuimba.