Kilo Sita Nilizorudi Nazo Kutoka Melini

Asubuhi ya pili baada ya kurudi safarini nilipanda mizani bafuni kwetu Walthamstow, London, nikaona kilo tisini na nne. Nikashuka. Nikavua fulana, nikavua na saa ya mkono, nikapanda tena. Tisini na nne. Nikakaa kwenye ukingo wa bafu nikaitazama miguu yangu, imevimba hata alama za soksi zimeingia ndani ya ngozi. Mke wangu akauliza kutoka nje ya mlango, "Vipi, umeteleza?"

Nikamwambia sijateleza. Zilikuwa zimebaki siku tisa niende hospitali, na hospitali haikutaka nizidi tisini.

Dada yangu mkubwa alikuwa amekufa figo zote mbili. Yeye ndiye aliyenileta Uingereza. Aliondoka Unguja miaka michache baada ya Mapinduzi, msichana wa miaka kumi na tisa, akaja London kusomea uuguzi. Alipopata kazi na chumba chake mwenyewe, akanitumia tiketi. Mama alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa na miaka kumi na tatu. Dada ndiye aliyenitia skuli, akanifunza kupika wali, akaja kunitafutia na mke. Mwenyewe aliolewa akahamia Hounslow, mumewe akafariki mapema, na hawakujaaliwa mtoto. Presha ndiyo iliyomharibia figo. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alikaa kwenye kiti hospitalini saa nne nzima, damu yake ikitolewa, ikisafishwa kwenye mashine na kurudishwa mwilini.

Nilipopimwa, damu zetu zilikubaliana. Daktari akasema figo yangu itamfaa, lakini mimi mwenyewe sijawa tayari. Nilikuwa dereva wa basi, miaka ishirini nimekaa kwenye usukani, nina kilo mia moja na nne na presha inaanza kunyanyuka. Nishuke chini ya tisini, akasema, nikae hukohuko chini, ndipo atakapokubali kunipasua.

Ilinichukua miezi saba. Niliacha sukari kwenye chai. Niliacha mandazi. Nilikuwa nikishuka vituo vinne kabla ya gereji, mvua inyeshe isinyeshe, nikamalizia kwa miguu. Nikafika themanini na nane. Tukapewa siku ya vipimo vya mwisho, na wiki moja baada ya vipimo, upasuaji.

Safari ya meli watoto wangu walikuwa wameshailipia zamani, zawadi ya miaka thelathini ya ndoa yetu. Nilitaka kuivunja. Dada aliposikia akanipigia simu.

"Wewe nenda," alisema. "Mimi na mashine hii tumeshazoeana, siku kumi haziniui. Mkeo hajapumzika tangu umuoe. Nendeni, urudi na moyo mkunjufu, tufanye kazi yetu."

Tukaenda.

Nyama ya melini hatukuila kwa kuwa haikuchinjwa kwa njia yetu, na mimi nikajidanganya kwamba basi, hapo nimeshaepukana na hatari. Tulikula samaki, na samaki mwenyewe ameogeshwa siagi. Tulikula chipsi, tambi za jibini, mikate ya namna nisizozijua majina, supu zenye chumvi ya kuwasha ulimi. Saa nne asubuhi kuna chai na keki. Saa kumi kuna chai nyingine na keki nyingine. Huulizwi jina, hupangi foleni. Mimi nilikua Unguja wakati wa foleni za mchele, na mpaka leo sijui kuacha chakula mbele yangu. Siku ya sita kifungo cha suruali kikagoma.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, kumbuka hospitali."

"Nakumbuka. Nitatembea."

Nikatembea kweli, nikaizunguka meli mara mbili juu. Kisha nikakaa kwenye kiti, akapita mhudumu na sinia la aiskrimu, nikachukua. Sina la kujitetea. Nilikuwa nimejinyima miezi saba, na mwili ulipoona mlango uko wazi ulitoka mbio.

Sasa nilikuwa nimekaa bafuni, na katika kichwa changu kilo sita zile zilikuwa sita za nyama na mafuta. Nikahesabu: miezi saba kushusha kumi na sita, kwa hiyo sita ni karibu miezi mitatu. Sikuwa na miezi mitatu. Nilikuwa na siku tisa. Jambo la busara lilikuwa kupiga simu hospitali na kuwaeleza. Sikupiga. Niliona haya. Niliona nikisema "nimetoka kustarehe melini, nimenenepa," watasema huyu hamtaki dada yake, na watafuta jina langu.

Siku hiyohiyo nikaacha kula. Mke wangu akipika nasema nimeshiba, na yeye si mjinga, lakini alininyamazia. Siku ya tatu nikapunguza na maji, maana niliona kila gilasi ninayokunywa mizani inaihesabu. Nikachukua mfuko mweusi wa taka, nikautoboa kichwa na mikono, nikauvaa chini ya koti ili nitoke jasho, nikatembea njia yote ya sokoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Plastiki inachakacha ndani ya nguo kila ninapopiga hatua. Watu wananunua ndizi na mashuka, mimi natazama chini nisikutane na jirani. Katikati ya soko macho yakaingia giza. Nikakaa juu ya kreti tupu ya mboga. Mwenye meza akaniuliza kama nataka aite mtu. Nikamwambia nimechoka tu, nikainuka nikaendelea.

Nikanunua pia sanamaki, majani yale tuliyokuwa tukinyweshwa utotoni kusafisha tumbo. Nikayachemsha makali, nikanywa asubuhi na jioni. Sitaeleza yaliyonipata chooni. Nilikuwa nikisali nikimwomba Mungu aniondolee nyama mwilini kama anavyoniondolea dhambi, na nikitoka kwenye mswala nakwenda moja kwa moja kwenye mizani.

Siku ya tano mke wangu alinikuta nimeegemea ukuta wa jikoni.

"Unajiua," alisema.

"Siku nne tu zimebaki."

"Mwambie dada yako."

"Nimwambie nini? Kwamba alinituma nikapumzike nikaenda kula uhai wake?"

Akanimiminia gilasi ya maji, akaiweka mezani. Sikuigusa.

Jumapili nilikwenda Hounslow kumtazama dada, kwani ningekosa kwenda angeshuku. Nilipanda treni huku nimeshika nguzo kwa mikono miwili. Nilimkuta amefurahi, sijamwona hivyo kwa miaka. Alinionyesha begi lake la hospitali, ameshalifunga: kanga mbili, mswaki mpya, kitabu cha sala.

"Mbona midomo imekukauka?" akauliza.

"Upepo wa bahari."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko njaa. Dada huyu nilimdanganya nilipokuwa mtoto, nikapigwa, nikaacha. Sasa mvi zimenitoka na nimerudia. Akaniletea sambusa alizokaanga kwa ajili yangu. Nikasema nimekula nyumbani. Akazifunga kwenye karatasi nichukue, nami nikazibeba mpaka Walthamstow nikampa mke wangu.

Siku ya vipimo ikafika. Nesi anayewasimamia wachangiaji figo, mama mmoja mpole wa makamo, akanipandisha kwenye mizani yao: themanini na saba na nusu. Nilitaka kumkumbatia. Nilitoka nje kwenye korido nikamwambia mke wangu, "Nimeweza."

Furaha hiyo haikufika saa mbili. Walinipima presha nimekaa, wakanipima nimesimama, wakatazamana. Wakatoa damu, wakatuambia tungoje. Nesi aliporudi alikuwa na karatasi mkononi na ameacha kutabasamu. Akafunga mlango.

"Niambie ukweli," akasema. "Wiki hii umekula nini? Umekunywa nini?"

Nikaanza kusema nimekula kawaida. Nikalia, mtu mzima, mbele ya mke wangu na mama yule, nikaeleza yote: meli, keki, mfuko wa taka, sanamaki. Akaniacha nimalize.

"Nyingi ya kilo zile zilikuwa maji," akasema taratibu. "Ukila chumvi nyingi na wanga mwingi siku kumi mfululizo, mwili unashika maji. Ungerudi kwenye chakula chako cha siku zote zingeshuka zenyewe, wiki mbili, pengine tatu. Ungetupigia simu tungesogeza siku mbele kidogo, basi. Lakini sasa umeikausha figo ileile unayotaka kumpa dada yako. Kwa vipimo hivi hakuna daktari atakayekugusa."

Wakanilaza wakanitundikia dripu. Upasuaji ukafutwa, na nafasi nyingine ikawa haijulikani ni lini.

Kesho yake ilikuwa siku ya dada ya mashine. Hospitali ilikuwa imeshamwambia kwamba upasuaji umeahirishwa, haikumwambia kwa nini. Nilimkuta kwenye kiti, mkono umenyooshwa, mirija imejaa damu. Nikavuta kiti nikakaa ubavuni pake nikamweleza. Nilipofika kwenye sanamaki alifumba macho.

"Unaiona mizani ile?" akasema nilipomaliza. Ilikuwa pale karibu na mlango. "Mimi Jumatatu naingia nina kilo tatu za ziada. Natoka sinazo. Ijumaa hivyohivyo. Maji. Nimekuwa nesi miaka thelathini na zaidi, na sasa ni mgonjwa wa maji. Katika London nzima, mtu wa kumuuliza habari ya uzito uliokuja kwa siku kumi nani?"

"Wewe."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliona haya, dada."

"Haya ya kula? Mimi niliyekuwa nikikulisha?"

Akageuza uso upande wa mashine.

"Nenda nyumbani," akasema. "Nikiendelea kukutazama nitasema neno ambalo sitaweza kulirudisha."

Wiki zilizofuata ndizo zilizokuwa mbaya kabisa. Nilikula kama nilivyoambiwa, nikanywa maji, na mizani ikakaa themanini na nane kama kwamba sijawahi kupanda meli. Kilo sita zilikuwa zimekwenda zake bila ya vita vyangu. Lakini dada akapata maambukizo mahali mirija ilipoingilia, homa ikampanda, akalazwa. Siku mbili hakunitambua. Nilikaa kando ya kitanda nikimtazama anavyotetemeka, na kila nikikumbuka kwamba wakati ule angekuwa ameshapasuliwa, amepona, yuko nyumbani kwake, nilitamani ardhi ipasuke. Mke wangu aliniletea chakula wodini, akasimama juu yangu kuhakikisha nakula. "Hii nayo ni kazi yako," alisema. "Kula." Nikatafuna huku machozi yananidondokea kwenye sahani.

Alipopata nafuu, neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Umekunywa maji leo?"

"Nimekunywa."

"Mangapi?"

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akalala tena. Tangu hapo alikuwa akinipigia simu kila asubuhi kuniuliza swali hilo, hasalimii kwanza, na nikimjibu anakata.

Tulipasuliwa miezi miwili na nusu baada ya siku ya kwanza tuliyokuwa tumepangiwa. Mimi niliingia asubuhi, yeye akafuatia. Figo ilianza kufanya kazi palepale mezani, daktari alituambia. Siku ya tatu nilijikokota kwenye korido, nimeshika tumbo, mpaka wodi yake. Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya dirisha. Uso wake, uliokuwa wa rangi ya majivu miaka miwili, ulikuwa umerudi kuwa uso wa dada yangu.

Nikataka kumwomba radhi tena. Akanyanyua mkono kunizuia.

"Ungekufa na wewe," akasema, "ningebaki na nani wa kumgombeza?"

Hakucheka aliposema hivyo, na mimi sikucheka. Akanionyesha kitandani kwake nikae, nikakaa polepole kwa sababu ya mshono, tukatazama nje mabasi yanavyopita, mpaka nesi akaja kunirudisha wodini kwangu.