Shemeji Vitalis na Kitambaa cha Kiti cha Nyuma

Kilosa nzima hakuna anayejua magari kunishinda mimi Onesphory. Hilo tulimalize mapema, tusije tukabishana huko mbele. Darasa la sita niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe, la saba nililichungulia dirishani nikaona halina jipya, nikaenda zangu karakana ya shamba la mkonge kushika spana. Nimefungua injini za matrekta ambazo hata waliozitengeneza wameshazisahau. Sasa mtu kama huyo akikwambieni, wapwa zangu, kwamba kuna siku alishindwa na mgonjwa wa kiharusi aliyekaa kiti cha nyuma, jueni anasema kweli. Uongo angejipendelea.

Mgonjwa mwenyewe ni shemeji yangu Vitalis, mume wa dada yangu Marselina, wa pale Mabwerebwere. Baba yake alitoka Mahenge kufuata kazi ya reli, akazaa Kilosa, akazikwa Kilosa, na mtoto naye akairithi reli. Kazi ya Vitalis kwa miaka thelathini na mmoja ilikuwa kugonga magurudumu. Msicheke. Treni ikisimama stesheni, yeye anapita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja, anategea sikio. Gurudumu zima linaimba. Lenye ufa linakohoa. Kazi ni kulisikia hilo linalokohoa katikati ya yote yanayoimba, na wauza miwa na mayai wanapiga kelele juu ya kichwa chako.

Dada yangu alikuwa karani wa tiketi stesheni hiyohiyo. Aliwahi kuniambia kwamba kule dirishani hakuwa anamtazama Vitalis, alikuwa anamsikiliza. Nyundo ikienda moja kwa moja mpaka behewa la mwisho, treni inaondoka. Ikinyamaza katikati, basi watu na watulie, safari haipo bado. Mimi nilimwambia huo si uchumba, ni ratiba. Akanifukuza jikoni.

Miaka miwili iliyopita kiharusi kikampiga Vitalis upande wa kulia. Mkono ukalala, mguu ukalala, na maneno, ingawa hayakupotea, yakahamia mbali. Ukimuuliza jambo unamwona kabisa anakwenda kulifuata neno, kama mtu anayetafuta chumvi kwenye jiko la jirani. Na mimi kwa moyo wangu mzuri nilikuwa namsaidia. Akianza tu "Na...", nadakia: "Nataka maji!" Maji yanaletwa. Alikunywa maji mengi sana mwaka ule shemeji yangu.

Gari lilikuja baada ya hapo. Deo, mtoto wao aliyeko Dar es Salaam, aliwatafutia gari dogo lililotumika, haibridi, yaani lina injini ya petroli na lina betri kubwa chini ya kiti cha nyuma, vinapokezana kazi kama wake wenza wanaopatana. Linaondoka bila sauti. Mbuzi wa Mabwerebwere walikuwa wanageuka wanakuta bampa imeshafika mkiani. Nilisema hadharani kwamba gari lisilonguruma halina heshima.

"Wewe unanguruma kila siku," dada akanijibu, "heshima iko wapi?"

Kila Alhamisi anamtoa mumewe Kilosa, wanapita kijiji cha Ulaya, wanapita Zombo, mpaka Mikumi, ambako kuna dada mmoja hodari wa mazoezi ya viungo. Mimi nilikuwa naandamana nao kama mtaalamu. Vitalis anakaa nyuma, mguu mbovu kaunyoosha juu ya kiti. Na mguu ulikuwa unarudi. Wiki ya kwanza tulimbeba kutoka garini mpaka mlangoni. Kufikia mwezi wa sita alikwenda mwenyewe na fimbo, hatua kumi na moja, nimezihesabu, ya kumi na mbili akaniegemea makusudi ili anikanyage.

Sasa kuhusu kitambaa. Dada yangu haachi kitu uchi. Kwake redio imevaa, friji imevaa, jagi la maji lina kofia. Kufuma alizoea kule stesheni, akisubiri treni zilizochelewa, na mnajua zilivyochelewa. Miezi mitatu aliyokaa kando ya kitanda cha Vitalis hospitali alifuma kitambaa kimoja kikubwa, cheupe, ukingo wa kijani, na gari lilipokuja akakitandika kiti cha nyuma chote. Kikashuka mpaka chini. Pembeni ya kiti kulikuwa na kipande cha plastiki chenye matundu matundu. Mtaalamu akakitazama, akasema, "Hapa ndipo vumbi la Zombo linapoingilia," akakisokomeza kitambaa pale, kikaziba vizuri kabisa. Mtaalamu ni nani, nawaachia.

Tangu siku hiyo Vitalis akaanza kukivuta kile kitambaa. Tukitoka tu Kilosa, mkono wake wa kushoto huo, unatambaa pembeni ya kiti, unakichomoa. Marselina anasimamisha gari, anampiga mkono kidogo, anakirudisha. Tukifika Ulaya kimeshachomolewa tena.

"Baba Deo, utakichana," dada analalamika.

"Ki..." anaanza Vitalis.

"Kizuri sana!" namalizia mimi. "Anasema ni kizuri sana."

Vitalis ananitazama. Nilidhani ni shukrani.

Mwezi wa tisa, jua likiwa kali, taa ya onyo, pembetatu nyekundu, ikawaka mbele ya usukani. Ikazimika. Alhamisi iliyofuata ikawaka tena, na gari likawa zito kama limebeba magunia. Fundi wa pale mjini akalitazama bila hata kuinama, akasema betri kubwa imekufa. Nami nikasema imekufa, kwa sauti kubwa kumshinda, maana sikubali mtu anitangulie kujua.

Jioni ile Deo akapiga simu, dada akaiweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, kama betri imekufa, hilo gari liuzwe. Jumamosi nakuja kumchukua baba. Huku chumba kipo, na hospitali iko karibu."

 Marselina alimtazama mumewe. Nyumba ile Vitalis alizaliwa ndani yake, na kibarazani alikuwa anakaa kila jioni kusikiliza treni zikipita, akiitikia hili kwa kichwa, akikunja uso kwa lile. Nikamwona anainua mkono wa kushoto kuelekea simu.

"Si..." akasema.

"Sijambo!" nikadakia. "Deo, baba yako anasema hajambo kabisa."

Mkono ukashuka. Vitalis akageukia ukuta, na usiku ule hakula. Nami niliporudi kwangu nililala vizuri, Mungu anisamehe.

Tukapanga Alhamisi ya mwisho, wakamuage yule dada wa mazoezi. Dada aliendesha kama anabeba mayai. Tumeshaiacha Ulaya nyuma, saa tano, jua limekaa juu ya bati, pembetatu hiyo. Safari hii gari likakata nguvu moja kwa moja, likajivuta kando ya njia, likatulia.

Nikashuka na spana yangu namba kumi. "Fungueni kiti," nikasema. "Nakwenda kuitazama betri uso kwa uso."

"Huoni hizo nyaya za rangi ya machungwa?" dada akafoka. "Deo alisema haziguswi. Umeme wake unaua."

"Umeme unanijua."

"Utakujua leo. Rudisha spana."

Tukasimama pale tunabishana, ndipo tukasikia: ngo.

Tukageuka. Ngo. Ilitoka ndani ya gari. Vitalis alikuwa ameishika fimbo kwa mkono wa kushoto, anaigonga ile plastiki ya pembeni ya kiti, taratibu, halafu anaegesha sikio. Ngo. Sikio. Kisha akashusha fimbo, akatutazama.

Uso wa dada yangu ukabadilika. Ameisikia nyundo hiyo kupitia dirisha la tiketi ujana wake wote, na anajua maana yake inaponyamaza katikati.

"Onesphory," akasema, "funga mdomo."

"Sijasema kitu."

"Ulikuwa unajiandaa."

Akaingia, akapiga magoti kwenye nafasi ya miguu, uso wake karibu na wa mumewe. "Sema, baba Deo. Sina haraka."

"I..." akasema Vitalis.

Wapwa zangu, nilikuwa na maneno kumi na tano ya kumpa. Inauma, imekufa, iuzwe, yote yamejipanga ulimini. Nikauma kidole. Kundi la ng'ombe likatokea vichakani, likavuka barabara lote, mpaka ndama wa mwisho na mchungaji wake, na Vitalis bado alikuwa njiani kulifuata neno lake.

"Ina... ko... hoa," akasema.

Akakamata kile kitambaa pembeni ya kiti, akakinyofoa chote.

Nyuma yake matundu yalikuwa hayaonekani. Vumbi, nyuzi nyeupe na za kijani, manyoya na makapi ya mahindi vilikuwa vimeshikamana humo kama kiota cha panya. Dada akaweka kiganja chake pale. Akakiweka muda mrefu. Kwa ndani kulikuwa na feni ndogo, na feni ile ilikuwa inavuta hewa ya kuipooza betri, ikawa inavuta kitambaa. Muda wote Vitalis alikuwa anaisikia, siku baada ya siku, Alhamisi baada ya Alhamisi, na sisi tunamrudishia kitambaa mahali pake.

Marselina akafungua mkoba wake, akatoa sindano yake ya kufumia, ile yenye ndoano kwenye ncha. Akaanza kuzichomoa nyuzi zake mwenyewe, moja moja, kutoka kwenye matundu. Hakulia. Alikuwa anazikusanya mapajani kama anayetaka kuzifuma upya. Alipomaliza upande mmoja akasema, bila kumtazama mtu, "Ulikuwa unaniambia, nami nakupiga mkono."

Vitalis akaweka mkono wake mzima juu ya kichwa cha mkewe. Mimi nikaenda kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Tukaacha milango wazi mpaka gari likapoa. Lilipowashwa, nikaisikia kwa mara ya kwanza ile feni, sauti nyembamba kama mbu aliyeshiba. Tukafika Mikumi kwa mwendo wa baiskeli, lakini tulifika.

Kule barabara kuu kuna gereji ya binti mmoja anaitwa Nalepo, wa jamii ya wafugaji wa kule mbugani. Kaka zake wanachunga, yeye alisoma ufundi na sasa anatibu haibridi za watu mpaka wa Iringa.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, akasoma, akatikisa kichwa.

"Betri ni nzima. Ilikuwa inakosa pumzi tu. Nani aliziba hapa?"

Dada akanitazama. Mimi nikalitazama lori lililokuwa linapita. Vitalis akainua kidole cha kushoto polepole, akaninyooshea, na akacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kizima.

Nalepo akaitoa feni, akaisafisha kwa mswaki na upepo, akatuonyesha jinsi ya kuisafisha wenyewe nyumbani kila baada ya miezi mitatu, mbali na nyaya za machungwa. Dada alipomsimulia yote, akauliza, "Mzee amejuaje, wakati mafundi wawili walisema imekufa?"

"Hao wawili walikuwa wanaongea," dada akasema.

Jumamosi Deo akafika kweli, na begi tupu la nguo za baba yake. Akaelezwa habari za feni, akafurahi, lakini akasema betri ya leo si ya kesho, na mama hawezi kuendesha njia ile mpaka lini. Alizungumza vizuri. Anazungumza kama mimi, bahati mbaya.

"Umemaliza?" mama yake akauliza. "Sasa muulize baba yako. Halafu subiri."

Deo akasogeza kigoda, akakaa mbele ya baba yake. "Baba, twende Dar?"

"Si..." akasema Vitalis.

Nilikuwa na kipande cha muhogo mkononi. Nikakitia chote mdomoni, kizima, nikakaa nacho kama mbuzi aliyekamatwa shambani. Redio imevaa, friji imevaa, na sisi tumekaa. Deo akataka kusema, mama yake akamshika goti.

"Si... e... ndi."

Deo aliinama kidogo. Baadaye akainuka, akalitoa begi nje, akalitupa kwenye buti la gari lake, akarudi akauliza mswaki wa kusafishia feni uko wapi, aonyeshwe. Baba yake ndiye aliyemwonyesha, kwa fimbo.

Kitambaa kipo. Dada amekikata pembeni mahali pale penye matundu na kupafumia ukingo wa kijani kuzunguka, mraba mdogo nadhifu, kama dirisha la kukatia tiketi. Na Alhamisi asubuhi kabla hawajaondoka, Vitalis anagonga mara mbili kwa fimbo, anategea sikio. Marselina ameshika usukani, hajawasha. Majirani wanapita wanasalimia, hawajibiwi. Hata mimi, ambaye Kilosa nzima hakuna anayejua magari kunishinda, nakaa pale mbele nimefumba mdomo, mpaka yule mzee wa nyuma atakapoitikia kwa kichwa.