Mwizi Anayepiga Hodi

Mtaani walimwita Haipatikani, maana ndiye aliyekuwa akiwaambia watu wa mji mzima kwamba namba wanayopiga haipatikani kwa sasa. Kwenye simu alikuwa mpole. Nje ya simu, pilipili. Alisoma pia matangazo ya sabuni na ya vifo, na kazi hiyo ilimfundisha kudharau maneno mabovu kwa moyo wake wote.

Kwa hiyo mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, alipomwomba aje aitie sauti gemu aliyoitengeneza mwenyewe, Haipatikani alifika kwake ameshakunja uso. Kuta zilizibwa kwa magodoro ili kusiwe na mwangwi, na maiki ilining'inia kwenye henga ya nguo. Bwana mdogo akamwomba kwanza acheze.

Akacheza. Mwizi ananyemelea jumba la tajiri, viatu kavishika mkononi. Friji ya jikoni ikinguruma, unatembea. Ikinyamaza, unaganda hapo hapo, la sivyo mlinzi anakusikia. Haipatikani hakupenda kusifia mtu, lakini gemu ilikuwa tamu. Alijikuta kabana pumzi yeye mwenyewe, na mlinzi alipompita bila kumwona akajipiga paja kwa furaha. Ujuzi huo bwana mdogo hakuupata darasani. Ndivyo alivyokuwa akirudi nyumbani kwa kuchelewa enzi za ujana wake, friji ikimfichia nyayo kwenye korido, mama yao asijue.

Balaa lilianza watu wa kwenye gemu walipofungua midomo. Mwizi, baada ya kunyata jumba zima, alifika mlangoni kwa tajiri akasema, "Hodi!"

"Ngoja kwanza," Haipatikani akasema. "Mwizi anapiga hodi?"

"Ni adabu tu, dada. Tajiri ni mtu mzima."

Haipatikani alicheka mpaka machozi, wala hakikuwa kicheko cha upendo. Tajiri akaitikia "Karibu", kisha akamweleza mwizi mpango wake wote wa uovu bila kuulizwa, kama mlevi aliyepata wa kumsikiliza. Walinzi waliokuwa wakisikia hata mtu akimeza mate, sasa walisimama pembeni kama mizigo iliyosahauliwa.

"Miguu umeipa akili, midomo umeinyima. Nani kakuandikia takataka hizi?"

"Mimi mwenyewe."

"Si bora ungewafanya mabubu wote!"

Bwana mdogo alimeza hilo nalo, akafungua kwenye skrini maneno ambayo dada yake alitakiwa kuyasema. Mwizi amerudi kwao, mama yake yuko kitandani anakata roho. Mama anasema: "Ewe mwanangu, damu yangu, fahari ya ukoo! Nilijua utakuja. Nimekusamehe yote." Kisha anafia mikononi mwa mwanawe, kinanda kikilia.

Haipatikani alikuwa na tusi tayari ulimini, likamkwama. Kila aliyewafahamu alisema sauti yake ni ya mama yao kabisa. Na mama yao alipougua, huyu kitinda mimba alikuwa mji wa mbali, kila siku anakuja kesho, hadi akaja akakuta kaburi. Sasa alitaka kusamehewa, tena kwa sauti ile ile.

"Sisemi," akasema.

"Mara moja tu, dada. Ni gemu tu hii."

"Gemu gani! Unataka nikudanganye kwa koo la mama."

Mdogo wake akainamia kibodi. "Kwani alisema nini? Hujawahi kuniambia."

"Na wewe hujawahi kuuliza." Hasira ilimpanda, akaiacha ipande. "Fahari ya ukoo! Hakusema chochote. Hata mimi niliyekuwa namgeuza kitandani hakuwa na nguvu ya kuniita. Alikuwa anapumua tu, basi."

 Bwana mdogo akafuta maneno ya mama yote, na ile "ewe" ikaenda pamoja nayo. Akavaa hedifoni, akawasha maiki, asimtazame dada yake usoni.

"Basi pumua."

Haipatikani alimdharau hata hapo, kwa jinsi alivyoomba kama anayeomba chumvi. Lakini alisogea kwenye maiki. Akavuta pumzi aliyoikumbuka vizuri, fupi, yenye mkwaruzo. Halafu kimya, kile kimya kinachomfanya mtu ainame aone kama nyingine itakuja. Ikaja. Ikaja nyingine, imechelewa zaidi.

Mdogo wake uso ukamharibika. Akanyoosha mkono azime.

Haipatikani akaudaka mkono ule hewani, akaubana pajani pake, akaendelea kupumua hadi ile ya mwisho.