Nyundo Zinazosubiri Vumbi

Kilichonisumbua pale kiwandani Mbarara ni kile kimya. Nilikuwa mfagiaji wa uani, na kando ya bomba la moshi palikuwa na sanduku la chuma kubwa kuliko nyumba yetu ya Juru, kwenye makazi ya wakimbizi. Ndani yake kitu kiligonga: ko, ko, ko. Halafu kikanyamaza muda mrefu, nami nikabaki nimeshika fagio nikingoja. Mimi nimezaliwa mdadisi; nisichokijua hunikosesha raha.

Nilimsumbua fundi, Mnyankole mmoja mpole, mpaka akanieleza. Humo ndani yamening'inizwa mabati mapana, na umeme hulifanya vumbi la moshi liyagandie. Nilizosikia ni nyundo zinazogonga mabati hayo ili vumbi lianguke chini badala ya kutoka nje. Nikamuuliza kwa nini basi zisigonge bila kupumzika. Ingekuwa shauri langu, zingegonga kutwa.

"Hapana, wewe ngoja," akasema. "Vumbi inashikana kwanza, inakuwa nzito. Ukipiga ikiwa kidogo inaruka tu, inarudi kwa moshi."

Hapo nikamkumbuka mama. Mama anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi kule Juru. Upepo wa mashine hutoka kupitia mfuko mrefu wa kitambaa unaozuia vumbi la unga, na kazi yake ni kuupiga mfuko huo kwa fimbo ili unga uanguke. Aliupiga kama tunavyopura maharage. Kwetu, kwenye kupura, anayetua fimbo huitwa mvivu, na mama hajawahi kuitwa mvivu. Alipiga asubuhi mpaka jioni ndani ya wingu jeupe, na kikohozi chake kilikuwa kimeanza kunitia hofu. Nilimsihi aache kazi, akakataa katakata.

Nilipopata ruhusa nikaenda nyumbani, nikamwomba auache mfuko ushike unga kwanza, kisha aupige mashine ikizimwa.

"Fimbo ikinyamaza, batasema nimelala," akanijibu.

Nikamwambia wakisema, waje kwangu. Akaketi mlangoni, fimbo mapajani, akikwepa macho ya wateja. Mteja mmoja Mrundi akamuuliza kama anaumwa. Mama akawa anaishika fimbo, anaiachia, anaishika tena. Mimi nilikuwa na wasiwasi kumshinda; labda unga si moshi, labda nilikuwa namwaibisha bure.

Mashine ilipozimwa akaingia, akapiga mara mbili tu. Unga uliogandia kitambaani ukaporomoka kwa mkupuo, vipande vipande kama ukoko wa ugali, na lile wingu halikuinuka. Akabaki ameinua fimbo, hana tena pa kuipiga.

Akatoka, akaketi kando yangu, akatazama mikono yake ambayo safari hii haikuwa myeupe.

"Kumbe siku zote nilikuwa najipiga mu kifua," akasema.

Akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi, nasi tukangoja kipite.