Nilivyostaafu Uwakilishi wa Ruangwa Nikiwa Kidato cha Tatu

Siku ya kuisaka kazi hiyo nilinyoosha mikono miwili kwenye uchaguzi, yote nikijipigia kura mwenyewe. Mwenyekiti wetu, Dada Somoe, akanitazama. "Shusha mmoja, babu. Kila mtu kura moja."

Wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza, enzi zetu, yaani mwaka jana, kikundi chetu cha watoto wa nyumba zenye ulevi kilikutana darasani, hapa Nachingwea, kila Jumamosi. Bosi hakuwepo. Mwenyekiti aliongoza kikao tu, uamuzi ulikuwa wa wote. Tulichagua mwakilishi mmoja wa kupeleka neno letu kwenye kikao cha vikundi vyote, Ruangwa. Huko alitakiwa kusema tulichokubaliana, si anachopenda yeye.

Akashinda Salumu. Tunakaa naye dawati moja. Hesabu ananizidi, mpira ananizidi, halafu na Ruangwa aende yeye? Kwa wivu nikalirudisha andazi langu mfukoni.

Ila tulikuwa na utaratibu: kura zikiisha, walioshindwa wanasikilizwa, na kama kuna aliyebadili mawazo, kura inarudiwa. Uliwekwa ili wachache wasimezwe. Mimi nikautumia kummeza mwenzangu.

"Jumamosi iliyopita Salumu katuambia baba yake amerudia uraka," nikasema. "Mtu kwao kuna pombe ya mabibo kila siku, atatusemea nini?"

Salumu alikuwa ametueleza kwa kutuamini. Kura ikarudiwa, nikashinda.

Ruangwa nilifika na shati lililonyooshwa kwa pasi. Mratibu, mama mmoja mpole, akauliza, "Nachingwea mko wangapi?"

"Kumi na moja. Mmoja kaacha kuja."

"Kwa nini, baba?"

Mimi ninayewajibu hadi walimu, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Jumamosi iliyofuata nikajiuzulu mbele ya wote, nikaenda kwa Salumu kumwomba radhi. Alikaa wiki tatu ndipo akarudi. Sasa Ruangwa anaenda yeye, mimi mstaafu napanga madawati. Na wivu bado ninao, msinifanye malaika. Gari lake likitoka stendi, naangalia pembeni.

Siku niliyojiuzulu nilimsimulia mama yote, nikitegemea pongezi. Mama alikuwa hajagusa pombe tangu msimu wa korosho uliotangulia. Alikuwa anachambua mbaazi, hakuinua kichwa.

"Na mimi nikirudia, mwanangu," akasema, "utakwenda kumwambia nani?"