Uso Wangu Ukinyamaza

Shule yetu hairuhusu msichana awe na nywele za kushikika kwa vidole. Kwa hivyo kila likizo ikikaribia kuisha mimi huenda kwa kinyozi hapa Makongeni, nikakaa kwa benchi pamoja na wavulana. Likizo ya Aprili kinyozi alikuwa mgeni. Alinifunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akauliza, "Kijana, tukate boksi ama tutoe zote?"

"Zote," nikasema.

Sikumwambia mimi ni msichana. Ningelazimika kusema kwa sauti, na benchi ilikuwa imejaa.

Na sio nywele peke yake. Nina nyusi nzito zinazotaka kukutana katikati, na mdomo wangu ukipumzika huanguka pembeni. Tangu darasa la kwanza walimu wamekuwa wakiniuliza nani amenikosea. Hakuna. Huwa ninafikiria tu, mara nyingi kuhusu chakula.

Haya yote nilikuwa nimeyazoea. Lakini mwaka huu kulikuwa na kitu nilichokitaka, na uso wangu ulikuwa karibu kuninyima. Nilikuwa nimeomba kumsaidia mwalimu wa shule ya Jumapili kanisani kwetu, katika darasa la watoto wadogo. Kuomba kwenyewe kulinichukua wiki nyingi. Mwishowe niliandika kwenye karatasi, nikampa baada ya ibada, nikakimbia. Kwa watu wazima maneno yangu hukwama kooni, lakini na watoto huwa yanatoka, hata mzaha unatoka. Nilitaka mahali pamoja tu ambapo mimi ni mtu wa kuongea.

Mwalimu, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alinipa Jumapili tatu. "Wakikuzoea, darasa ni letu sisi wawili," alisema. "Wakikataa, tutakutafutia nafasi kwa kwaya." Kwaya husimama mbele ya kanisa lote. Nilijua kwamba sitaenda kwaya.

Jumapili ya kwanza niliingia kile chumba cha mabati nyuma ya kanisa nikiwa nimebeba sanduku la kalamu za rangi. Mbele kabisa ya mkeka aliketi msichana wa kama miaka minne, sweta ya manjano. Aliniangalia. Kidevu kikaanza kutetemeka.

"Ticha, huyu anko mbona amekasirika?"

"Huyu si anko, mami," mwalimu akasema. "Ni anti yenu mpya."

"Apana. Ni anko." Kisha akalia, na wawili waliokuwa karibu naye wakalia pia, bila kujua wanalilia nini. Nilikaa mlangoni na kalamu zangu hadi saa ya maombi.

Nilipomwambia mama alijaribu kutocheka. "Si utabasamu hata kidogo? Tabasamu bado hawajaliwekea kodi."

Jumamosi iliyofuata nilienda Ruiru kumsaidia tata, dada mdogo wa mama, anayeuza nguo za mitumba Gitothua. Nilikuwa nikikunja suruali, uso wangu ukiwa ulivyo, mzee mmoja akasimama. "Kijana, hii trao ni ya saizi gani?" Nikamwonyesha. Baadaye tata alinitupia gauni lenye maua makubwa kama sahani, akasema nilivae nikaolewe nalo, na mimi nikaangua kicheko. Mama mmoja akapita wakati huohuo. "Msichana wangu, hebu nishushie hiyo sketi."

Nguo zangu hazikuwa zimebadilika. Kichwa kilikuwa kilekile cha kinyozi. Nikaanza kujaribu makusudi: mteja akija, nanyamaza, mwingine akija, natabasamu. Sio wote waliokosea, wengine waliniita msichana tangu mwanzo. Lakini nilipopewa jina lisilo langu, lilikuja wakati nimenyamaza. Sikumbuki hata mmoja aliyeniita kijana nikicheka.

Nilimwambia tata. Hakushangaa. "Sisi tumefundishwa hasira ni ya wanaume," alisema akining'iniza koti. "Mwanamke akikunja uso, watu wanadhani ni mwingine." Kisha akaniambia niache kujaribu wateja wake, ninawachanganya.

Mimi nilikuwa nikidhani macho ya watu huuliza kwanza, huyu ni mwanamume au mwanamke, halafu ndio yaulize amekasirika au amefurahi. Siku hiyo niliona maswali hayo huulizwa pamoja, na jibu la moja linaharibu jibu la lingine.

Basi Jumapili ya pili nilitabasamu. Nilitabasamu kuanzia mlangoni, nikatabasamu wakati wa wimbo, nikatabasamu hata wakati wa hadithi ya gharika. Mashavu yaliniuma. Na kweli, watoto wengi waliniita anti. Lakini yule wa sweta ya manjano alijificha nyuma ya mwalimu.

"Anti anacheka na meno tu," alimwambia, si kwa sauti ndogo.

Nililala na hayo maneno wiki nzima. Alikuwa amesema ukweli. Macho yangu hayakuwa yakicheka, yalikuwa yakimchunga yeye.

Jumapili ya tatu mwalimu aliitwa kanisani kabla hatujaanza. Akanipa chaki. "Shika hapa kidogo," akasema, akaenda. Watoto kumi na kitu wakanitazama. Sikuwa na nguvu ya kutabasamu tena, kwa hivyo niligeukia ubao nikachora duara, macho mawili, na mstari ulionyooka mahali pa mdomo. Bila nywele.

"Huyu ni nani?"

"Ni anko," wakasema wengi.

Nikafuta mstari, nikachora mdomo unaopinda juu. "Sasa?"

"Anti!"

"Kwani anko ameenda wapi?"

Wakacheka. Mvulana mmoja akasema anko ameenda kununua mandazi. Nikarudisha mstari, nikaongeza nyusi mbili nzito, kama zangu.

"Sasa ni baba," wakasema. "Amekasirika. Atachapa mtu."

"Hajakasirika."

Ilikuwa sauti ya yule wa sweta ya manjano. Hakuwa akiniangalia mimi, aliangalia ubao. "Baba yangu anatengeneza simu za watu. Akishika skrubu ndogo anakuwa hivyo. Ukimwongelesha, inaanguka."

"Kwa hivyo huyu ameshika skrubu?"

"Eeh."

Nilichuchumaa mbele yake. Sikufanya chochote na uso wangu, niliuacha ulivyo. "Na mimi je?"

Alinikagua polepole. Akaweka kidole kwenye unyusi wangu mmoja, akaufuata hadi mwisho, kisha akaenda kwa ule mwingine. Mkono wake ulinukia machungwa.

"Wewe pia umeshika," akasema. "Lakini wewe ni anti ama anko?"

"Anti."

"Sawa." Akakubali hivyo tu, kama mtu aliyeambiwa saa. Kisha wote walitaka kuchora. Mmoja alichora mama yake akiwa na nyusi za kutisha, akasema ndivyo anavyokuwa akihesabu vidonge vya presha vya cucu, bibi yao. Mwingine alichora baba akicheka hadi mdomo ukatoka nje ya duara.

Mwalimu alirudi akatukuta vumbi la chaki limejaa kila mahali. Alisimama mlangoni, akatazama zile nyuso, akamtazama yule mdogo wa sweta ya manjano aliyekuwa ameegemea goti langu akivuta kamba ya kiatu changu.

"Jumapili uje saa mbili kasorobo," akaniambia. "Mikeka ni mizito, siwezi kuitandika peke yangu."

Nilimwambia nitakuja. Yule mdogo akasema kiatu changu kimefunguka, na kwamba yeye hajui kufunga, nifunge mwenyewe.